Watoto wa Kwenye Picha na Watoto Wetu
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kihoto, Naivasha)



Nyumba nyingi hapa zina kalenda au picha ya kuchorwa ukutani: kijana anachunga mbuzi, jua linatua, msichana amebeba maji huku anacheka. (Hao mbuzi wamenona kuliko wa mtu yeyote hapa Kihoto!) Vijana wetu pia wanazichora kuwauzia watalii, na zinanunuliwa. Hatusemi waache. Karo ni karo.

Lakini tujue hii ni biashara ya zamani. Kule Uingereza alikuwako Myles Birket Foster, aliyehamia Witley mwaka wa 1863. Alichora watoto wa mashambani wakichuma maua na kucheza, na watu wa mjini wakanunua kweli kweli. Wakati ule ule watoto wadogo walikuwa wanakusanywa makundi makundi kupalilia mashamba ya watu, mpaka sheria ya 1867 ikakataza kuwachukua walio chini ya miaka 8. Na aliyetimiza 8 je? Huyo aliendelea na jembe. Mnunuzi hakumtaka ukutani.

Sasa tujiangalie. Mwaka wa 2020 ziwa lilipanda likaingia humu Kihoto, na 2025 likarudi, watu wakatolewa kwa mashua. Msichana wa kwenye picha anacheka na maji kichwani. Wetu akicheleweshwa na mtungi anakosa somo la kwanza. Tukizoea picha ile, tutaona mtungi wake ni pambo tu, na hatutauliza kwa nini hayuko darasani. Hapo ndipo tunaogopa.

Na si kweli kwamba bila utamu picha haiuziki. Sane Wadu, mchoraji wa Naivasha, alikuwa mwalimu, akaacha chaki miaka ya 1980. Watu wakasema ana wazimu, naye akajiita Sane, yaani mwenye akili timamu. Watu anaowachora hawajapakwa sukari, lakini mwaka 2022 kazi zake zilifanyiwa maonyesho makubwa Nairobi.

Kwa hiyo, wenye vikundi vya kuchora kadi, kabla hamjamchora mtoto wa jirani, mwulizeni yeye na mzazi wake. Mkutano ujao kila kikundi kilete picha mbili: moja ya kuuza kama kawaida, na nyingine mtoto achore mwenyewe kwao nyumbani, na mtu mzima asimshike mkono. Karatasi na rangi tutaleta sisi.