Chomoa Plagi Kwanza

[Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka polepole]

Popote ulipo, iwe Nyarugusu, Nakivale au Kakuma, leo tunazungumza na wewe fundi seremala, na wewe unayejifunza kazi hiyo. Mada yetu ni kuchagua na kubadilisha bledi ya msumeno wa mkanda, yaani mashine ile ambayo bledi yake ni kama mshipi wa chuma unaozunguka kwenye magurudumu mawili, moja juu na moja chini.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Kwa mashine hii kinga ipo, nayo inaanzia kwenye plagi.

Fikiria karakana inayotumia jenereta. Mafuta yanaisha katikati ya kazi. Kijana mmoja anasema, "Ngoja nibadilishe bledi wakati huu." Anafungua mlango wa mashine na kuingiza mikono, lakini swichi hajaizima. Huko nje, mwenzake anajaza mafuta na kuwasha jenereta. Mashine nyingi za zamani huanza kuzunguka zenyewe umeme unaporudi. Ndugu yangu, wengi wetu tulifika kambini bila chochote ila mikono yetu. Usikubali dakika moja ikunyang'anye hiyo pia.

Basi, sikiliza hatua hizi kwa makini.

Kwanza, zima swichi, subiri magurudumu yasimame kabisa, kisha chomoa plagi na uiweke pale unapoiona. Kama mashine haina plagi, zima swichi kubwa ukutani, uifunge kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwako wewe. Waambie wenzako unachofanya.

Pili, vaa miwani ya kinga na glavu nzito. Lakini tuelewane: glavu ni za kushika bledi wakati mashine imezimwa. Ukirudi kukata mbao, zivue, kwa sababu glavu ikinaswa na meno huvuta vidole.

Tatu, legeza mkazo wa gurudumu la juu, kisha toa bledi ya zamani taratibu. Bledi mpya huja imekunjwa duara kadhaa, na ina nguvu kama springi. Ikifyatuka inaweza kukupiga usoni. Ifungulie mahali pa wazi, mbali na watoto, ukiishika mbali na uso wako.

Nne, meno yakutazame wewe, na ncha zake zielekee chini, kwenye meza. Zikielekea juu, igeuze bledi ndani iwe nje. Ikaze, kisha zungusha gurudumu la juu kwa mkono mara kadhaa uone kama bledi inakaa njiani. Vishikizo vya pembeni viache nafasi ndogo tu, kiasi cha unene wa karatasi, na visiguse meno. Funga milango yote ndipo urudishe plagi. Washa ukiwa umesimama pembeni, uiache izunguke kidogo bila mbao.

[Muziki mfupi]

Sasa, ni bledi ipi? Wengine huweka yoyote inayopatikana. Hapo ndipo hatari nyingine inapoingia. Bledi isiyofaa hukulazimisha kusukuma mbao kwa nguvu, na mkono unaosukuma kwa nguvu ndio unaoteleza hadi kwenye meno.

Anza na urefu. Pima kutoka katikati ya gurudumu la juu hadi katikati ya gurudumu la chini, zidisha mara mbili. Kisha chukua kipenyo cha gurudumu moja, zidisha kwa 3.14, ujumlishe. Mfano: kati ya vituo ni sentimita 62, kipenyo ni sentimita 35. Utapata 124 na 110, jumla kama sentimita 234.

Halafu upana. Bledi nyembamba, kama ya milimita 6, hukata kona. Bledi pana hukata mstari mrefu ulionyooka. Ukilazimisha bledi pana kupinda, itajisokota na kukatika.

Mwisho, meno. Wakati wote meno yasiyopungua 3 yawe ndani ya mbao. Ubao wa robo inchi unahitaji meno 12 kwa kila inchi, lakini gogo nene linatosha na meno 3 au 4. Na kama unatumia mbao za paleti, ng'oa misumari yote kwanza.

Ukisikia sauti ya "tik, tik, tik", ukinusa mbao zikiungua, au msumeno ukitoka nje ya mstari, simamisha kazi. Bledi ikikatika, zima swichi, rudi nyuma, wala usifungue mlango mpaka magurudumu yatulie.

Mpenzi msikilizaji, jioni hii jadilini karakanani: bledi inapobadilishwa, plagi inakuwa wapi, na ni nani anayeiona? Kama hakuna mwenye jibu, kubalianeni kesho asubuhi, kabla ya ubao wa kwanza kukatwa.

Kazi njema, na mikono salama.

[Muziki wa kipindi unapanda hadi mwisho]