Ukuta Ndio Ubebe: Mlaji na Vyombo Vinavyopandana na Vinavyoingiana



Mada niliyopangiwa kuizungumzia ni vyombo vya kuhifadhia na kusafirishia bidhaa: kreti, matenga, ndoo, katoni na, mwishoni, kontena la chuma. Huenda wapo watakaojiuliza chombo kinamhusu nini mlaji, ilhali anachonunua ni nyanya wala si tenga. Kinamhusu kwa sababu hasara ya chombo kibaya haibaki kwa msafirishaji. Huteremka hadi kwenye kikapu cha mnunuzi, ama kwa sura ya nyanya iliyopondeka, ama kwa sura ya bei iliyopandishwa ili kufidia zile zilizotupwa njiani.

Tuanze kwa kutenganisha maneno mawili. Chombo kinachopandana ni kile ambacho, kikiwa kimejaa, hubeba kingine juu yake bila kudhuru kilichomo. Chombo kinachoingiana ni kile ambacho, kikiwa kitupu, huingia ndani ya mwenzake na kuokoa nafasi. Mfano wa hicho cha pili umo katika kila jiko letu: seti ya sufuria, ndogo ndani ya kubwa. Lakini sufuria huingiana kwa sababu hazilingani ukubwa. Mtengenezaji wa kreti ana kazi ngumu zaidi, maana kreti zake zote ni za kipimo kimoja na bado anataka ziingiane. Njia aliyo nayo ni kulaza kuta: sakafu iwe finyu na mdomo uwe mpana, kama ilivyo ndoo.

Mlalo huo una gharama yake. Tuchukue kreti yenye kuta zilizosimama wima, urefu sentimita 56, upana 36 na kina 30. Ujazo wake ni zaidi kidogo ya lita 60. Sasa tulaze kuta hizo, mdomo ubaki vilevile lakini sakafu iwe sentimita 50 kwa 30. Ujazo unashuka hadi lita 52 na nusu hivi. Tumepoteza takriban sehemu moja ya nane ya nafasi, na tumeipoteza katika kila safari ambayo kreti imejaa. Tulichopata ni hiki: kreti 10 za kuta wima zikiwa tupu husimama kimo cha mita 3, ambapo kreti 10 za kuta zilizolala, iwapo kila moja inachomoza sentimita 8 tu juu ya ile iliyoipokea, husimama kimo cha sentimita 102. Gari lililohitaji safari tatu kurudisha tupu sasa linahitaji moja.

Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu chombo chochote ni kama kinarudi, na kama kinarudi kitupu. Itazameni kreti ya soda. Haiingiani na mwenzake hata kidogo, na si kwamba watengenezaji wake hawakujua namna ya kuilaza. Kreti hiyo hutoka kiwandani na chupa zilizojaa na hurudi na chupa tupu, na chupa tupu huchukua nafasi ileile. Haina haja ya kuingiana. Kreti ya mkate, kinyume chake, hurudi bila kitu ndani, na hapo kila sentimita inayookolewa ni mafuta ya gari yaliyookolewa.

Tatizo ni kwamba kuingiana na kupandana ni tabia mbili zinazogombana. Kinachoingia kikiwa kitupu huingia pia kikiwa kimejaa. Ukiweka ndoo isiyo na mfuniko juu ya ndoo ya mayai, ya juu itashuka mpaka ikalie mayai. Watengenezaji wamelitatua jambo hili kwa njia tatu hivi. Ya kwanza ni kreti ya kugeuza: ukiipanga kwa upande mmoja, mbavu zilizo chini yake hutua juu ya vituo vilivyo katika mdomo wa ile ya chini, nayo husimama; ukiizungusha nusu duara, mbavu hukutana na mianya, nayo huzama ndani. Mara nyingi upande mmoja huwa na rangi tofauti au alama ili mpakiaji asikosee. Ya pili ni kreti yenye vyuma viwili vya kulaza juu ya mdomo: vikiingizwa ndani hubeba kreti ya juu, vikitolewa nje huacha njia. Ya tatu huacha kabisa habari ya kuta zilizolala. Huwekwa bawaba, na kreti tupu hukunjwa ikawa bapa. Hii ya tatu hurudisha ile sehemu ya nane tuliyoipoteza, lakini bawaba ndiyo kiungo cha kwanza kuvunjika, na kreti ya kukunja iliyokatika bawaba ni mzigo usio na kazi. Kwa maoni yangu, kwa mtu wa kawaida anayenunua kreti chache za matumizi ya duka au ya shamba dogo, ile ya kugeuza ndiyo yenye usumbufu mchache kuliko zote. Kabla ya kulipa, chukueni mbili za aina moja, zipangeni kwa kupandana, kisha ikandamizeni ya juu kwenye kona moja baada ya nyingine. Ikiteleza ikiwa tupu, itateleza zaidi ikiwa imejaa.

Sasa nifike kwenye nyanya, ambako ndiko fedha nyingi za mlaji zinakopotea.

Nyanya nyingi zinazoliwa Dar es Salaam hutoka nyanda za juu, mathalani Ilula mkoani Iringa. Husafiri zaidi ya kilomita 400, zikianza kwa kuteremka Kitonga, na wengi wenu mmepita pale na mnajua namna gari linavyolalia breki. Husafiri ndani ya matenga ya mbao. Silidharau tenga la mbao: ni nafuu, hutengenezwa hapohapo kijijini, na mkulima halazimiki kulisubiri lirudi. Mbao zake, hata hivyo, hazikupigwa randa, na penye ncha ya ubao au msumari, ngozi ya nyanya huchanika, na iliyochanika huoza na kuwaambukiza majirani zake kabla ya kufika sokoni. Hilo ni kosa la chombo.

Kosa kubwa zaidi ni la ujazaji. Tenga lililojazwa hadi chini kidogo ya ukingo wake, likibebeshwa jingine, hupokea uzito kwa mbao zake. Uzito hupita ukutani, hufika kwenye ukuta wa tenga la chini, na hatimaye kwenye sakafu ya gari, bila nyanya kuguswa. Lakini tenga lililorundikwa hadi likawa na kichuguu juu ya ukingo, kisha likafunikwa kwa nyasi na kukazwa kwa kamba, halina tena ukuta unaobeba. Tenga la juu linakalia nyanya. Fanyeni hesabu: matenga 6 yaliyopandana, kila moja kilo 40, maana yake lile la chini kabisa lina kilo 200 juu yake. Kilo 200 zikipita kwenye mbao ni kitu kidogo. Zikipita kwenye nyanya, huku gari likirukaruka, kinachofika sokoni ni rojo.

Kichuguu hicho ndicho tunachokiita lumbesa, na sheria ya vipimo inakikataza. Kwa kawaida lumbesa huzungumzwa kama dhuluma kwa mkulima, anayetoa zaidi ya alicholipwa, na kweli ni dhuluma. Lisilosemwa sana ni kwamba hata mnunuzi anayedhani amenufaika hanufaiki inavyotakiwa. Anachoongezewa juu ya tenga ndicho kinachoharibu kilicho chini yake. Mchuuzi hulijua hili, ndiyo maana anapolifungua tenga huzipanga nzima mbele na zilizominyika nyuma, na bei ya nzima hubeba bei ya zilizominyika. Mama anayenunua fungu dogo la nyanya jioni analipia kichuguu ambacho hakukiona.

Kreti ya plastiki ina faida moja ambayo tenga halina: ukingo wake ni mstari ambao kila mtu anauona. Ikirundikwa kupita ukingo, ya juu haikai. Huyumba, na mpakiaji mwenyewe hulazimika kupunguza. Chombo chenyewe kinakuwa msimamizi wa kipimo. Ugumu wake ni bei, na ni kwamba lazima irudi. Mfanyabiashara akikutoza amana ya kreti, yaani fedha utakayorudishiwa ukirejesha kreti, takeni stakabadhi inayotaja idadi ya kreti na kiasi cha amana, mbali na bei ya bidhaa. Amana isiyoandikwa ni vigumu kuidai.

Lipo pia jambo la usafi ambalo kuingiana kumelileta, na halipewi uzito unaostahili. Kreti iliyowekwa chini sokoni, juu ya tope na majimaji, ikiingizwa ndani ya nyingine hupaka uchafu wa kitako chake katika kuta za ndani za mwenzake. Kesho yake ndani humo hutiwa mikate au matunda. Vyombo vinavyoingiana vinahitaji kuoshwa nje kama vinavyooshwa ndani, na vikaushwe kabla ya kuingizwa. Kwa mkate usiofungwa, mlaji ana haki ya kuuliza kreti iliwekwa wapi.

Nigusie vipimo vya sokoni. Sado na ndoo ndogo nyingine ni vyombo vya kuta zilizolala, hivyo huingiana. Ndoo moja ikizamishwa ndani ya nyingine, sakafu hupanda na ujazo hushuka, ijapokuwa kwa nje macho yanaona ndoo kubwa. Ukiona kipimo kina midomo miwili, mwombe muuzaji avitenganishe. Angalia na kitako: kama kimesukumwa kwa ndani, unapimiwa hewa. Pale inapowezekana kupimiwa kwa mizani, chagueni mizani.

Nyumbani, mambo ni mepesi zaidi. Ndoo zilizoshikana hazivutwi kwa nguvu. Zimeshikana kwa sababu hewa haipiti kati yake. Tieni maji baridi katika ya ndani, mwagieni ya nje maji ya moto, ya nje itatanuka kidogo na kuachia. Ndoo iliyobuniwa vizuri ina vinundu karibu na mdomo vinavyozuia zisizame kupita kiasi. Ile tarakimu iliyo ndani ya alama ya pembetatu chini ya chombo hueleza aina ya plastiki tu. Haisemi kwamba chombo kinafaa kwa chakula. Alama ya bilauri na uma ndiyo inayosema hivyo. Ndoo iliyokuja na rangi au dawa ya mimea isitumiwe kwa maji ya kunywa, hata ikioshwa mara ngapi. Na plastiki inayoachwa juani hukauka na kuwa kavu kama ganda. Kreti iliyopauka na yenye nyufa ndogo kwenye kona isibebeshwe nyingine.

Katoni nazo hubeba kwa kona zake. Zipangeni kona juu ya kona. Watu hupenda kuzipishana kama matofali kwa kuwa rundo huonekana imara, lakini hapo kona ya katoni ya juu hutua katikati ya ukuta wa ile ya chini, mahali palipo dhaifu. Unyevu hupunguza nguvu ya katoni kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo wenye stoo za pwani waziweke juu ya mbao, mbali na sakafu. Mchoro wa katoni zilizopandana wenye tarakimu hueleza mwisho wa kupandisha, na dai la bidhaa iliyopondeka huwa na nguvu zaidi likiambatana na picha inayoonyesha mchoro huo na namna mzigo ulivyopangwa.

Nimebakiza kontena la chuma. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iliyoitwa Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na makontena 58, na biashara ya baharini ikaanza kubadilika tangu hapo. Kontena ndicho chombo kinachopandana kuliko vyote na kisichoingiana kabisa. Makontena matupu hurudi yakiwa na ukubwa uleule. Nguvu yake imo katika nguzo nne za pembeni. Kibati cha usalama kinachopigiliwa mlangoni, chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972, hutaja uzito unaoruhusiwa kupandishwa juu yake, na kwa makontena mengi ni kilo 192,000. Uzito huo wote hushukia pembe nne. Paa lenyewe ni bati jembamba.

Nayasema haya kwa sababu wengi wenu mnanunua makontena yaliyokwisha kazi ya bahari ili kufanya maduka, ofisi na hata vyumba. Kontena likiwekwa juu ya mawe yaliyo katikati, huku pembe zikielea, limewekwa kinyume na lilivyoundwa. Pembe nne ndizo zikae kwenye msingi. Fundi anayekata ukuta mzima ili kupata dirisha la duka anaondoa bati lenye mikunjo linalozuia kontena lisipinde. Kabla hajakata, muulizeni ataweka fremu ya chuma ya ukubwa gani kuzunguka tundu hilo, na jibu lake liandikwe katika makubaliano kabla ya malipo ya kwanza. Muulizeni pia sakafu ya mbao ilitiwa dawa gani. Nyingi hutiwa dawa ya kuzuia wadudu, na kibati cha mlangoni huweza kuitaja. Chumba kitakacholaliwa na watoto kisiwe na sakafu hiyo wazi. Ing'olewe, au ifunikwe kikamilifu.