Boma la Mtawala na Mfuko wa Raia

Wasikilizaji wetu, mazungumzo yetu ya leo yahusu mambo mawili ambayo raia wa kila nchi huyatolea fedha kwa moyo mzito. La kwanza ni gharama za ulinzi, yaani askari, silaha na kambi zao. La pili ni gharama za nyumba wanamokaa watawala. Kila mwaka makadirio ya fedha yasomwapo, watu hukunja uso yafikiwapo mafungu hayo mawili, na wakubwa wenyewe, kwa kulijua hilo, huyapitia upesi. Wako wasemao kuwa hiyo ni choyo ya raia tu. Sisi hatusadiki hivyo. Twadhani kusitasita huko kuna asili yake, na asili hiyo yaonekana vema katika miteremko ya Kilimanjaro, kwa kuwa huku watu walizilipia ngome na majumba kwa mabega yao kabla sarafu haijafika.

Hapo kale mlima huu haukuwa nchi moja. Wamangi walikuwa wengi, na mara nyingi mto tu ndio uliotenga nchi ya huyu na ya yule. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mangi Horombo wa Keni, upande wa Rombo, alizishinda nchi nyingi za jirani, akajenga ngome za mawe. Mawe hayo hayakununuliwa; yalibebwa na raia zake na watu aliowashinda. Kisha Horombo aliuawa katika vita na Wamasai, na ufalme wake ukavunjika, ngome zingali zimesimama. Leo jina lake laitwa na wapanda mlima wanaolala katika kibanda kiitwacho Horombo, na wengi wao hawajui ni la nani. Baadaye, upande wa magharibi, Mangi Sina wa Kibosho naye alijizungushia ukuta wa mawe uliosifiwa mlima mzima.

Sasa na tuzilinganishe ngome hizo na mashimo ya Mamba na Marangu, ambayo hata leo wageni huenda kuyatazama. Ni mapango yaliyochimbwa chini ya ardhi, katikati ya migomba, yenye njia nyembamba na vyumba vya watu na mifugo. Wazee husimulia kwamba udongo ulitupwa mtoni, ili adui asiuone akatambua mahali pa kuingilia. Kazi hiyo haikuwa nyepesi kuliko kubeba mawe. Huenda ilikuwa nzito zaidi, maana mtu huchimba gizani, ameinama. Lakini kila mchimbaji alijua ni nani atakayeingia humo siku ya hatari: ni mkewe, watoto wake na ng'ombe wake. Ngome ya Mangi ilimkinga kwanza Mangi na mali yake. Mwenye kihamba cha mbali alibeba jiwe, kisha akarudi kulala katika nyumba ya majani isiyo na ukuta. Hapo ndipo twaona chanzo cha moyo mzito tunaouzungumza.

Ukuta wa Sina haukudumu. Mwezi wa Februari 1891 Wajerumani chini ya Wissmann waliishambulia Kibosho kwa mizinga, na Wachagga wa Mangi Rindi wa Moshi walikuwa upande wao. Rindi alidhani amempata mlinzi asiyehitaji kubebewa mawe. Lakini mlinzi wa bure hayupo. Mwanawe Meli, aliyetawala baada yake, aliwashinda Wajerumani mwaka 1892, nao wakarudi na nguvu zaidi mwaka 1893 wakamshinda. Ndipo wakaiweka boma yao huko Moshi ya Kale. Tangu mwaka 1898 kila nyumba ilidaiwa kodi ya rupia 3, na asiyekuwa na rupia alidaiwa nguvu zake. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa hapo Moshi ya Kale, pamoja na wengine 18. Basi watu walikuwa wameilipia dola iliyowanyonga wakubwa wao, na kodi haikukoma siku ile.

Msidhani kuwa mlimani peke yake mambo yalikwenda hivyo. Kodi ya huku ilikwenda hata pwani, Dar es Salaam, kulikokuwa na jumba la gavana wa Kijerumani. Mwaka 1914 manowari za Kiingereza zililipiga mizinga likabomoka. Waingereza wakaishika nchi, wakaona nao wahitaji pa kukaa, na mwaka 1922 wakalijenga upya jumba walilolibomoa wenyewe. Jumba hilo ndilo tulilokuja kuliita Ikulu. Mwenye kulipa kodi hakuulizwa mara ya kwanza wala mara ya pili.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru, na aliyesimamisha bendera na mwenge juu ya kilele cha Kilimanjaro alikuwa askari, Luteni Alexander Nyirenda. Picha yake yajulikana na kila mwanafunzi. Lakini jeshi alilotoka lilikuwa dogo, mabaki ya King's African Rifles yaliyobadilishwa jina, na maofisa wake wengi walikuwa bado Waingereza. Wakubwa wapya hawakuwa na hamu ya kulitumilia fedha nyingi. Maadui waliotajwa siku zote walikuwa watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na hakuna mzinga uwezao kuwapiga hao. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alipendelea kukaa katika nyumba yake ya Msasani kuliko kukaa Ikulu. Hayo yaliwapendeza raia, na sisi twasema yalistahili kuwapendeza.

Walakini upande wa jeshi kusita huko kulikuwa na bei yake. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito waliasi, wakidai mishahara mizuri zaidi na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Siku chache baadaye Serikali ililazimika kuwaomba Waingereza walewale waje kuwanyang'anya askari silaha. Aibu hiyo ilikuwa kubwa kwa nchi yenye uhuru wa miaka miwili. Jeshi la zamani likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Jina lenyewe lilitaka kuondoa shaka ya yule mbeba mawe wa Kibosho: kwamba jeshi si la mwenye nyumba kubwa, ni la wananchi.

Jina hilo lilijaribiwa mwaka 1978. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba, yakaishika nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera. Safari hii haikuwa lazima kumweleza mtu fedha zaenda wapi. Mgambo waliitwa, malori ya watu na makampuni yakachukuliwa kubeba askari, wakulima wakatoa ng'ombe na nafaka. Moshi nayo ilikuwa na sehemu yake, maana hapo ndipo Waganda waliokimbia nchi yao walipokutana tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, wakaunda umoja wao chini ya Yusufu Lule. Tarehe 11 Aprili Kampala ikatekwa.

Vita ilishindwa na Tanzania, lakini hesabu yake hukadiriwa kuwa dola milioni 500 za Kimarekani, na nchi haikuwa nazo. Fedha za kigeni zilitoka katika kahawa, pamba na katani. Kwa hiyo mwenye mibuni ya Machame au Kilema, hata kama hakumwona askari mmoja, alilipa. Mwalimu aliwaambia watu wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikapita, na sabuni na sukari zikawa bado adimu madukani. Wako waliosema afadhali jeshi lingalitengenezwa mapema likamtisha Amin asivuke. Wako waliosema jeshi kubwa lingaliila nchi kabla Amin hajaila. Sisi twaelekea kwa wale wa kwanza, lakini hatuwadharau wa pili, maana nchi jirani iliyokuwa na jeshi kubwa ndiyo ile ile iliyoliwa na jeshi lake.

Katika jambo la nyumba, mwendo ulikuwa wa ajabu zaidi. Mwanzoni mwa karne hii, wakati wa Rais Benjamin Mkapa, Serikali iliziuza nyumba zake nyingi kwa watumishi wake. Kuzitunza kulikuwa mzigo, na hakuna apendaye kuomba fedha za kupaka rangi nyumba ya mkubwa. Wakaja watumishi wengine baada yao, nao wakahitaji pa kukaa, ikabidi nyingine zijengwe. Twaona hapo palikosewa jambo dogo lenye gharama kubwa: nyumba ya kazi ilifanywa nyumba ya mtu. Ikulu ya Chamwino, Dodoma, iliyofunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 20 Mei 2023, ni ya yeyote atakayeshika kazi hiyo, naye atakapomaliza atatoka aiache.

Tena iko nyumba moja ambayo haikungojea mtu akunje uso. Huko Butiama askari wa Jeshi la Wananchi walimjengea Mwalimu nyumba, alipokuwa amekwisha kuacha madaraka, kuwa shukrani yao kwake. Hakuikaa siku nyingi. Alikwenda London kwa matibabu, akafariki huko tarehe 14 Oktoba 1999, akarudishwa kuzikwa karibu nayo.