Fedha za Umma kwa Wanaotoka Gerezani: Hali ya Kapkatet na Ukanda wa Chai

Nchini Kenya, gharama za mfungwa hubebwa na serikali ya kitaifa hadi dakika anapotoka nje ya lango la gereza. Akishatoka, anayebaki kumwangalia ni afisa wa probesheni. Sheria ya Probesheni, Sura ya 64, ilitungwa kwa ajili ya wakosaji ambao mahakama imeamua wasifungwe. Huduma kwa waliomaliza vifungo zilikuja kuongezwa juu ya kazi hiyo. Idara ya Probesheni ina hosteli chache, kama Kimumu mjini Eldoret na Shanzu huko Mombasa, lakini hizo zimelenga hasa vijana walio chini ya uangalizi.

Kanuni za Mandela kuhusu wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka anayeachiliwa awe na vitambulisho, mavazi, mahali pa kuishi na pesa za kumfikisha kwao na kumkimu siku za mwanzo. Marekani ilitunga sheria mwaka 2008 ya kutoa ruzuku za kuwasaidia wanaotoka gerezani.

Lakini anayerudi Kapkatet, mji wa ukanda wa chai, kutoka gereza la Kericho hukuta majani ya chai ya nyumbani yakipimwa kwa namba ya mkulima iliyo kwa jina la baba au kaka. Malipo ya mwezi na bonasi huingia kwa namba hiyo, na yeye huishi kwa hisani. Vibarua kwenye mashamba makubwa vimepungua kwa sababu ya mashine za kuchuma, zilizozua ghasia Kericho mwaka 2023. Waajiri wengine huomba cheti cha tabia njema, na hapo mazungumzo huishia.

Huenda amejifunza ushonaji gerezani na kufanya mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA). Anarudi na cheti bila cherehani. Malipo ya kazi za wafungwa yamehesabiwa kwa senti kwa miongo mingi, hivyo hakuna akiba ya kununulia hata mkasi. Mikopo ya Hazina ya Uwezo, ya serikali, hupitia makundi yaliyosajiliwa, na ni makundi machache yanayomkubali mtu ambaye jirani zake bado wanamwogopa. Hazina ya Hustler humkopesha mtu binafsi, lakini kwa kuanzia hutoa kiasi kidogo mno.

Aliyefungwa miezi michache kwa kupika chang'aa hata cheti hapati, muda hautoshi. Kwake, matumizi bora ya fedha ni kutompeleka gerezani kabisa. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 huruhusu hilo kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu.

Pengo lililobaki liko kati ya serikali mbili. Magereza ni ya kitaifa, ilhali Katiba imezipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Kaunti inaweza kutenga nafasi, karo na vifaa kwa watu ambao afisa wa probesheni amewapendekeza, bila kusubiri sheria mpya. Jambo hilo huamuliwa mapema: waraka wa mkakati wa fedha hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ombi linalotolewa kwenye mkutano wa wadi mwezi Mei hukuta hesabu zimeshapangwa.