MJI UMEFIKA MASHAMBANI KWETU

(Mazungumzo yaliyotolewa na wanachama sita waliopata kukaa Dar es Salaam, mbele ya mkutano wa tawi, wilayani Kahama)



Tumeombwa kuzungumza juu ya faida na hasara za kukaa katika mji mkubwa. Sisi sita mnaotuona hapa mbele tumepata kukaa Dar es Salaam, mmoja wetu miaka mitatu, mwingine kumi na tisa, na wengine katikati ya hapo. Tulikwenda kwa hiari yetu na tukarudi kwa hiari yetu. Kwa hiyo hatukuja kuwatisha vijana wasiende. Mkoloni alijaribu kuwazuia watu: katika miaka ya 1950 askari walikuwa wakiwakamata vijana wasio na kazi katika mitaa ya Dar es Salaam na kuwarudisha makwao kwa nguvu. Nasi wenyewe, tukiwa tumekwisha kujitawala, tulitunga sheria ya nguvukazi mwaka 1983, na watu wakapelekwa mashambani. Wengi walirudi mjini, na wengine, kwa utani wetu, walifika kabla ya lori lililowapeleka. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 iliwakuta Dar es Salaam watu 128,742. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta 5,383,728. Basi maneno ya kuwakemea vijana tuyaweke kando.

Faida ziko, na anayezikana hajakaa mjini. Mtoto wa mmoja wetu alizaliwa na tundu katika moyo. Huku kwetu tuliambiwa ni homa, tukaambiwa ni mizimu, tukauza ng'ombe wawili kwa waganga. Alitibiwa Muhimbili, na leo anachunga ndama. Pale ndipo walipo madaktari wa kila kiungo cha mwili, ndipo ilipo bandari, ndipo kilipo Chuo Kikuu. Kule Kariakoo mtu aliyekuja na shilingi chache huanza kwa kuuza soksi mkononi, na akiwa na akili baada ya miaka kadhaa ana meza yake. Hakuna anayemwuliza baba yake ni nani.

Na iko faida nyingine ambayo hatupendi kuitaja mkutanoni, lakini leo tutaitaja. Katika nchi yetu hii ya Usukuma bibi zetu wameuawa kwa panga kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu huo ni wa moshi wa samadi waliyopikia maisha yao yote, wakitupikia sisi. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamewindwa. Wako waliokimbilia mjini wakapona, maana mjini mtu hupotea katikati ya watu, na hakuna jirani anayehesabu vifo vya ukoo wako ili akutafutie hatia. Mzee anayesema mji umeharibu desturi, na atueleze kwanza juu ya desturi hiyo.

Sasa hasara. Watu hudhani shida ya Dar es Salaam ni wingi wa watu. Sivyo. Shida ni namna mji ulivyotambaa. Ulifuata barabara nne kubwa, ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa, kila mtu akinunua kipande cha shamba nyuma ya mwenziwe na kujenga nyumba ya chini. Nyumba ilitangulia, njia ikafuata, na bomba la maji likaja mwisho kabisa, likakuta hakuna mahali pa kupita. Hata leo sehemu kubwa ya wakazi wamo katika mitaa ambayo haikupimwa kabla ya kujengwa. Serikali ilileta mradi wa viwanja 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikaleta mabasi yaendayo haraka mwaka 2016, na kazi hizo ni njema; lakini kuupanga mji uliokwisha kutambaa ni kama kumfunga fahali kamba wakati amekwisha kuingia mtamani.

Mmoja wetu alipanga chumba Chanika akafanya kazi mjini. Aliamka saa kumi alfajiri na kurudi saa tatu usiku, na watoto wake walimjua kwa sauti tu. Kodi ya chumba alitoa ya miezi sita mbele. Maji alinunua kwa dumu. Mkaa alinunua kwa kopo. Na mchele, ndugu zetu, mchele alionunua kwa bei ya kuumiza ulikuwa wa Kahama! Aliukimbia jarubani akaukuta dukani.

Tena liko bonde la Msimbazi. Watu walijenga ndani yake kwa kuwa palikuwa karibu na kazi na bei yake ilikuwa nafuu. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 maji yalikuja, watu wakafa, na waliosalia wakahamishiwa Mabwepande, mbali sana na kazi zao. Baadaye hata mabasi yaendayo haraka yalipowekewa karakana pale Jangwani, maji yaliyafuata humo humo. Bonde halina chama wala cheo. Mvua ikinyesha linachukua njia yake.

Mtatuuliza, haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana, kwa kuwa hatuna haja tena ya kusafiri kuufuata mji. Katika hesabu ya mwaka 2022 Manispaa ya Kahama ilikuwa na watu zaidi ya 450,000, maradufu ya Shinyanga mjini, ambako ndiko makao ya mkoa. Dhahabu ya Bulyanhulu na ya Buzwagi ndiyo iliyowaita, pamoja na malori ya Rwanda na Burundi yanayopita hapa. Geita nako ni hivyo hivyo. Nani asiyeona nyumba zinavyotembea? Mwaka huu ziko kwenye mwembe, mwaka ujao ziko kisimani. Huko kwenye machimbo madogo karasha la kusagia mawe linanguruma ukutani kwa chumba cha mzazi, na zebaki inaoshwa juu ya kisima.

Na dhahabu si baba wa kumtegemea. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa haukuanza mpaka mwaka 2000. Katikati kulikuwa na ukimya wa miaka zaidi ya thelathini. Buzwagi ilifunguliwa mwaka 2009, mwaka 2021 ikafungwa. Miaka kumi na miwili! Fahali wetu wengine wameishi zaidi ya hapo. Mgodi ukifungwa mwenye fedha huondoka na fedha yake, lakini nyumba zilizobanana hubaki, na mitaro isiyokuwapo huendelea kutokuwapo.

Mnajua tunakoelekea. Wako watu wenye fedha ya maduara wanaopita nyumba kwa nyumba wakinunua majaruba yetu na kipande cha ngitili, kwa karatasi ya mkono na mashahidi wawili walionyweshwa pombe. Baadhi yetu tumekwisha kuuza, na hatutawataja, kwa kuwa mmoja wao ameketi hapa mbele pamoja nasi. Alipewa fedha akanunua pikipiki; pikipiki imekwisha, shamba limekwisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haisemi ardhi ya kijiji igawiwe gizani. Inataka Halmashauri ya Kijiji igawe, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ukubali. Mkutano huo ni ninyi.

Hatusemi mji usije. Tunautaka, pamoja na hospitali yake, na shule yake, na soko lake, na ile ruhusa yake ya mjane kukaa bila kuogopa panga. Tunalotaka ni kwamba njia zipimwe kabla ya nyumba, majaruba ya bondeni yaachwe kwa mpunga na maji, karasha zitengwe mbali na visima, na ngitili iliyobaki isiguswe. Upimaji una gharama, na wengine watasema hatuna fedha. Zile za pikipiki tulizipata wapi?

Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi Mkutano wa Kijiji utakaa chini ya mkuyu. Wenye karatasi za mkono waje nazo, hata zile za aibu. Na wazee wanaoijua njia ya zamani ya ng'ombe, kutoka lamboni mpaka barabara kuu, tunawaomba wafike mapema na fimbo zao, tuitembee pamoja na kupigilia mambo kabla jua halijawa kali.