Kompyuta Bubu: Jinsi ya Kuijaribu Draiva ya Sauti

Mazungumzo kwa wakufunzi na wanafunzi wa vyuo vya ufundi, Kaunti ya Kericho



Kompyuta kuukuu ikiwekewa Linux, mara nyingine huwaka vizuri, intaneti ikafunguka, lakini spika zikanyamaza. Haiwezi hata kucheza nyimbo za Wakipsigis alizorekodi Hugh Tracey huko Kapkatet mwaka 1950. Kwa mwanafunzi asiyeona, anayetegemea programu ya Orca imsomee yaliyo kwenye skrini, kompyuta bubu haina faida yoyote.

Mara nyingi spika ni nzima. Tatizo ni draiva, yaani programu inayoiamuru chipu ya sauti ifanye kazi. Katika Linux, draiva hizo ni za mradi wa ALSA, ulioanzishwa na Jaroslav Kysela wa Jamhuri ya Cheki mwaka 1998. Hii ni programu huria: msimbo wake uko wazi, na yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa bila kulipia leseni.

Ugumu uko wapi? Mwaka 2004 Intel ilitoa mfumo wa HD Audio, unaotumiwa na kompyuta nyingi. Hata hivyo, kila mtengenezaji huunganisha nyaya kwa namna yake. Chipu ileile ya Realtek yaweza kuwa ndani ya kompyuta mbili. Katika moja pini fulani inaelekea kwenye spika, katika nyingine kwenye tundu la hedifoni. Mtengenezaji asipoyaeleza hayo sawasawa, draiva hupeleka sauti kusiko. Ndiyo sababu draiva hubeba orodha ndefu ya marekebisho ya modeli mbalimbali.

Waandishi wa draiva hawana kila kompyuta iliyoko duniani. Wanamtegemea mwenye mashine. Kama chai inavyoonjwa kabla ya kuuzwa, draiva nayo lazima isikilizwe kwenye mashine yenyewe.

Spika zikinyamaza, fuateni hatua hizi:

1. Fungueni alsamixer. Mkiona MM, sauti imezimwa. Bonyezeni M kuiwasha.
2. Andikeni aplay -l kuona kama kadi ya sauti imetambuliwa.
3. Andikeni speaker-test -c 2. Mvumo usikike kushoto, kisha kulia. Jaribuni pia hedifoni na maikrofoni.
4. Tumieni alsa-info kukusanya maelezo ya mashine. Watumieni wasimamizi wa draiva, mkitaja toleo la Linux, mlichotarajia na mlichosikia.

Kusema tu "haifanyi kazi" hakumsaidii mtu. Na marekebisho yakiletwa, yajaribuni na mrudishe majibu, hata kama spika bado ziko kimya.

Ripoti moja ikizaa marekebisho, huingizwa katika Linux, na kila mwenye modeli hiyo, awe Bomet au Brazili, atasikia. Kazi hiyo haihitaji shahada. Inahitaji masikio, subira na maelezo ya kweli.