Kashfa ya "Si Raia" katika Kata ya Mpakani

Mada kwa wajumbe wa baraza la kata na watendaji wa vijiji, Bukiriro, Ngara



Nimeombwa nieleze maana na asili ya neno "slander", ambalo Waingereza hulitumia kwa kashfa ya mdomo, mbali na ile ya maandishi. Walilipata kwa Wafaransa, waliolirithi kutoka Kilatini, nacho Kilatini kikalitoa kwa Wagiriki. Kwa Wagiriki, "skandalon" kilikuwa kijiti cha mtego: mnyama akikigusa, mtego unafyatuka. Biblia ya Kiswahili imelifasiri neno hilo kuwa kwazo. Asili inatosha hapo. Tuangalie mtego ulivyotegwa hapa kwetu.

Mahakama zetu, pale Bunge lisipotunga sheria, hufuata sheria ya Uingereza isiyoandikwa na baadhi ya sheria zake za Bunge, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwa mujibu wake, anayelalamikia kashfa ya mdomo sharti athibitishe hasara, mathalani kazi iliyompotea. Hasamehewi mzigo huo ila awe ametuhumiwa kosa la jinai lenye kifungo, ugonjwa wa kuambukiza, kutofaa katika kazi yake, au, akiwa mwanamke, uzinzi. Uchawi hautajwi. Orodha hii ingeandikwa Ngara, nadhani ungetangulia.

Wala haitajwi kauli ambayo naiona nzito kuliko zote katika wilaya hii: "huyu si raia."

Kihangaza chetu na Kirundi vinasikilizana, na ndoa huvuka mpaka kama kawaida. Wazee wanakumbuka mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Kwa hiyo mkigombania mpaka wa shamba la migomba, aliyeishiwa hoja anayo silaha ya mwisho: "Rudi kwenu Burundi!" Waliokaa kilabuni wanacheka. Lakini mtendaji naye yupo, na kesho yule aliyetukanwa atamwendea kuomba barua ya utambulisho apate kitambulisho cha taifa cha NIDA. Akikosa namba ya kitambulisho hicho, hata laini ya simu hasajiliwi.

Tumeona kauli hii inavyofika mbali. Mwaka 2001 Serikali ilitangaza kwamba watu wanne maarufu si raia, akiwamo mwandishi Jenerali Ulimwengu na kiongozi wa CCM mkoani Kagera, Anatoli Amani. Wote wawili baadaye walipata uraia, na Amani akawa Meya wa Bukoba. Hao walikuwa na majina na mawakili. Katika Operesheni Kimbunga ya Septemba 2013, iliyopita Kagera, Kigoma na Geita, maelfu waliondolewa nchini, wengine wakiwa wamezaliwa hapa. Mkulima asiye na cheti cha kuzaliwa angejitetea kwa nini, jirani akishamnyooshea kidole?

Maoni yangu ni haya. Kuwapo nchini bila kibali ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Uhamiaji ya 1995, na adhabu yake inaweza kuwa kifungo. Basi anayemwita mwenzake mhamiaji haramu anamtuhumu jinai, na aliyetuhumiwa asidaiwe ushahidi wa hasara. Tusiwazibe midomo wenye wasiwasi wa kweli: anayempelekea ofisa wa uhamiaji taarifa kwa nia njema analindwa na sheria, hata ikibainika amekosea. Aliyeyatangaza hayo kilabuni kwa chuki hana kinga hiyo.

Ndugu wajumbe, shauri la fidia si lenu. Lenu ni kusuluhisha. Hata hivyo huenda kumbukumbu zenu zikahitajika mahakamani, na hapo ndipo mengi huharibika. Karani akiandika "alimtukana", hajaandika kitu. Aandike maneno yenyewe, kwa Kihangaza kama yalivyotamkwa, na tafsiri yake pembeni. Aandike nani waliyasikia, na kama wanakielewa Kihangaza. Maneno waliyoyasikia wawili peke yao, mtukanaji na mtukanwa, ni matusi tu, hayajawa kashfa.